Chande na Jibu la Pole

Paukwa!

Mbona nasikia sauti ya mtu mmoja tu? Wengine mmemeza ndimi? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Aliye macho asogee. Aliyelala tumwache, kesho atasimuliwa na jirani yake na atadanganywa.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji. Jina lake silijui, na nadhani hata wenyewe hawakuwa nalo, maana hawakuwa watu wa safari, hakuna aliyewauliza wametoka wapi. Walilima mtama, walifuga mbuzi, walirina asali. Na katika kijiji hicho alikuwepo kijana jina lake Chande, fundi wa kusokota kamba.

Kamba za Chande zilikuwa hazikatiki. Watu walimsifu kwa hilo, lakini mimi nitawaambia sababu. Akimaliza kuisokota kamba alikuwa anaogopa kwamba itakatika, basi anairudia. Akimaliza kuirudia anaogopa tena, anaongeza uzi mwingine. Kamba ya kufungia mbuzi ikawa nene hata mbuzi anashindwa kuinua shingo.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Akitoka nyumbani kwenda shamba, akifika njia panda anasimama. Moyo unamwambia, mlango hukufunga. Anarudi. Mlango umefungwa. Anaondoka, anafika njia panda. Moyo unamwambia, moto hukuzima. Anarudi. Moto umezimwa, jivu baridi. Anaondoka tena. Akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Jua likafika utosini na jembe halijaonja udongo.

Na moyo wenyewe ulikuwa na kelele. Pu-pu-pu, pu-pu-pu. Akilala, macho yako kwenye paa. Mvua ikichelewa itakuwaje? Na isipochelewa, ikazidi, itakuwaje? Mke wake, Mwanamvua, alikuwa akigeuka upande wa pili na kumwambia, "Mume wangu, hiyo mvua ina mwenyewe. Lala." Naye Mwanamvua analala. Chande anabaki na mvua.

Basi Mwanamvua akashika mimba, mimba yake ya kwanza. Kwa desturi ya watu wale, mimba ya kwanza mwanamke huenda kujifungulia kwa mama yake. Kwao Mwanamvua ni kijiji cha pili, ng'ambo ya bonde. Wakaja shangazi zake wakamchukua. Na mume katika mambo hayo hana lake. Anabaki nyumbani mpaka atakapoitwa.

Chande akabaki. Nyumba nzima yake, na wasiwasi wote wake.

Sasa niwatajie mtu mwingine, huyu ndiye aliyenifanya nifungue mdomo. Bibi Somoe. Alikuwa kikongwe, mrina asali. Mumewe ndiye aliyekuwa mrina asali kwanza, na alipofariki watu walisema mizinga itaozea juu ya miti. Bibi Somoe akajifunga kaniki yake, akachukua kamba, akaenda kuitazama mizinga. Nyuki hawakumuuma. Au walimuuma na hakusema, hilo hatujui. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Neno alilolipenda ni moja. Pole. Akikukuta unalima, pole. Umejikwaa, pole. Mtoto anakimbia na kibuyu cha maji, pole, mjukuu wangu, pole. Na neno hilo jibu lake mnalijua. Kila mtu pale kijijini alilijibu kama alivyofundishwa na mama yake, "Nimeshapoa, Bibi," huku anaendelea na shughuli zake, hata hakumbuki kama amejibu.

Isipokuwa Chande. Chande ukimwambia pole, anasimama, macho yanamtoka, anauliza, "Kwani kumetokea nini?"

Ikawa siku moja mvua ilikuwa imenyesha, njia ya bondeni utelezi mtupu. Chande anateremka na mzigo wa magome ya kusokotea kamba, anateremka mbio, kwa sababu ameacha chungu motoni, au anadhani ameacha. Bibi Somoe anapanda kutoka bondeni na mtungi wa asali kichwani. Wakakutana pale penye mawe. Bibi Somoe akamwona kijana anavyokwenda, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule. Akamwambia, "Pole, Chande. Pole, mwanangu." Akapita. Ukiwa na asali kichwani husimami kwenye utelezi, na macho unayaweka chini.

Chande akaganda. Akafikiri hivi: Bibi Somoe ametoka bondeni. Ng'ambo ya bonde kuna nani? Kuna mke wangu. Ameniambia pole. Ameniambia mara ya pili. Na hakunitazama usoni.

Pu-pu-pu. Pu-pu-pu.

Akautupa mzigo. Akaweka mikono kichwani. Akakimbia mpaka uwanjani kwake, akaanguka chini, akalia kilio cha mtu aliyefiwa.

Hapa msikilize vizuri. Watu wale walikuwa na adabu moja kubwa. Mtu aliyeweka mikono kichwani haulizwi. Ukamwulize mfiwa kafa nani? Huo ni utovu wa adabu, utasemwa mpaka na wajukuu zako. Unachofanya ni kukaa. Unakaa, unampa pole, habari utazipata kwa wengine.

Jirani yake, Mahimbo, akamwona. Akaja, akaketi kando yake. Akamshika bega. "Pole, ndugu yangu."

Chande akaisikia ile pole kutoka mdomo wa pili. Moyoni akasema, kumbe kweli. Akalia zaidi.

Wanawake waliposikia, wakaja. Pole, Chande. Akalia zaidi. Wazee wakaja. Pole, Chande. Akalia mpaka sauti ikakauka. Jamvi likatandikwa. Kuni zikaletwa. Chungu kikubwa kikabandikwa. Vijana wakachukua majembe, wakasimama njia ya makaburini, wakatazamana. Kaburi la mtu mzima au la mtoto? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anajua. Wakaegemea majembe yao, wakangoja.

Na kwa desturi, wakweze wakapelekewa habari. Mjumbe akafika ng'ambo ya bonde, akasema kama adabu inavyotaka, bila kutaja. "Kuna msiba kwa Chande."

Mwanamvua alikuwa amekaa mlangoni kwa mama yake, tumbo liko magotini. Akasikia. Kuna msiba kwa Chande. Na kwa Chande yuko nani? Yuko Chande peke yake. Akajifunga nguo, akaondoka. Mama yake akamfuata nyuma, anamwita, rudi mwanangu, hali yako haikuruhusu. Hakurudi. Akateremka bonde lile lenye utelezi. Katikati ya bonde uchungu ukamshika. Akashika mti, ukapita, akaendelea.

Huku matangani, Bibi Somoe alikuwa ametua asali yake na kunawa mikono. Akasikia kilio, akaja. Akapita katikati ya watu, akafika mpaka kwa Chande. Akamwinamia.

"Chande, kafa nani?"

Watu wakashika vinywa. Bibi Somoe, mtu mzima, amwulize mfiwa?

Chande akainua uso. "Si wewe uliyeniambia, Bibi?"

"Mimi nilikuambia nini?"

"Uliniambia pole."

"Nilikuambia pole," Bibi Somoe akasema, "kwa sababu ulikuwa unateremka mbio na mzigo kwenye utelezi. Nilitaka uende polepole."

Mtu mmoja kule nyuma akacheka, akajiziba mdomo. Mahimbo akalitazama jamvi alilolikalia. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kugundua kwamba wamekuja kumlilia mtu ambaye hayupo.

Kabla hajapatikana wa kusema neno, wakaja Mwanamvua na mama yake, mmoja anamwegemea mwingine. Mwanamvua akamwona mumewe yuko hai, amekaa kwenye jamvi, machozi mpaka kidevuni.

"Kumbe upo," akasema. Kisha akapiga magoti chini, kwa sababu mtoto alikuwa anakuja.

Jamvi la matanga likaingizwa ndani. Bibi Somoe na wanawake wakafunga mlango. Chande akabaki nje na wale vijana wenye majembe. Uzazi ukawa mgumu. Mtoto akatoka, na alipotoka hakulia. Nje walingoja kile kilio, hakikuja. Chande alisimama, hakuwa na machozi tena, alishayamaliza kwa mambo yasiyokuwepo. Wakangoja. Kisha ndani kukasikika kitu kama kukohoa kwa mwanambuzi, na baada ya kukohoa, kilio.

Mtoto wa kike. Mama yake akamwita Tabu, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Chakula cha matanga kikaliwa, maana kilikuwa kimeshaiva.

Mwanamvua alipopata nguvu za kukaa, akamwita mumewe. Akamwambia bila kupaza sauti.

"Mwanao alitoka kimya, nikasema amekwenda. Kilichonitoa kwa mama ni wasiwasi wako. Mimi nakupenda, mume wangu. Lakini nyumba hii ikinitia tena katika jambo kama lile, nitamchukua Tabu wangu nirudi kwetu. Na sitakuwa nimekuchukia."

Chande akainama. Akaenda kwa Bibi Somoe.

Alimkuta anachuja asali. Amening'iniza kung'uto la ukindu juu ya chungu, masega yamo ndani, na asali inashuka chini, uzi mwembamba.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa."

"Nimekuja kutaka dawa ya moyo."

Bibi Somoe akaweka kiganja chake kifuani kwa Chande. Pu-pu-pu. Akakitoa.

"Unafanya kazi," akasema. Akarudi kwenye kung'uto lake. Kisha, bila kumtazama, akasema, "Pole, Chande."

"Kumeto..." Chande akajikamata mwenyewe.

"Neno hilo lina jibu. Mama yako alikufundisha. Jibu lake nini?"

"Nimeshapoa."

"Umeshapoa?"

Chande akatikisa kichwa. "Bado, Bibi."

"Mbona umesema umeshapoa?"

"Si ndivyo inavyojibiwa?"

"Kwa wengine jibu unavyotaka. Kwangu hutajibu mpaka iwe kweli." Akamsogezea kigoda. "Tazama huo uzi wa asali. Toa pumzi nao. Toa kwa pua, taratibu, wala usihangaike na kuvuta, kuvuta kutakuja kwenyewe. Nyuki hawapendi mtu awapumulie kwa kinywa, na mimi pia sipendi."

Chande akaketi. Akatoa pumzi. Pumzi ikaisha, na uzi wa asali bado unashuka. Akajaribu tena, mawazo yakamtoroka, yakaenda kwenye mlango. Bibi Somoe akauliza, "Miguu yako iko wapi?"

"Iko hapa chini."

"Na wewe uko wapi?"

"Nipo... nipo kwenye mlango wa nyumba yangu. Sijui kama niliufunga."

"Basi irudie miguu yako."

Siku ile jua lilitua Chande hajajibu. Bibi Somoe akamwambia, "Haya, kesho." Kesho yake akaja. Pole, Chande. Bado, Bibi. Haya, kesho. Siku nyingine akaja kifua kimembana hata hawezi kuketi. Bibi Somoe akampa kuni apasue kwanza mpaka jasho limtoke, ndipo akamkalisha mbele ya asali. Na kuhusu ule mlango akamwambia hivi: "Ukiufunga, uambie kwa sauti, nimekufunga." Chande akauambia mlango. Akafika njia panda, akarudi vilevile. Siku ya pili akauambia, akafika njia panda, akasimama, akajikumbuka anavyousemesha mlango kama mwendawazimu, akaona haya, akaenda zake shamba. Jembe likaonja udongo.

Na siku moja, Chande hata hakuiona inavyokuja, Bibi Somoe aliposema pole, yeye alikuwa ametoa pumzi mpaka mwisho, mabega yameshuka, na ndani mwake mmetulia. "Nimeshapoa, Bibi," akasema. Akashangaa mwenyewe. Bibi Somoe akaendelea kuchuja asali.

Haya. Mnadhani hadithi imekwisha? Mtu haponi hivyo. Wasiwasi ukiufukuza mlangoni unaweza kuukuta umekaa darini. Na wa Chande ulikaa darini kweli.

Bibi Somoe alikuwa amempa mzinga mkuukuu, unanuka nta, akamwambia, "Kautundike kwenye mkwaju, ng'ambo ya shamba lako. Uanze na huo." Chande akashukuru. Lakini njiani moyo ukamwambia, mzinga wa Bibi Somoe, mzinga mzuri namna hii, ukautundike porini? Wezi je? Akaupeleka nyumbani. Akaufunga kwenye boriti, ndani, juu ya kitanda. Akaufunga kwa kamba zake, na kamba zake mnazijua.

Mvua zikaisha, maua ya porini yakafunguka. Asubuhi moja Mwanamvua akaenda kisimani. Tabu amelala kitandani, amefunikwa kaniki. Chande yuko uwanjani anasokota kamba. Akasikia kitu.

Vuuuuuu.

Akatazama huku, hakuona. Vuuuuuu. Akatazama juu. Nyuki. Kundi zima la nyuki waliohama kwao, wanazunguka paa lake, wananusa. Wakauona upenyo kati ya ukuta na paa. Wakaingia. Walikuwa wamesikia harufu ya nta.

Chande akakimbilia mlangoni. Ndani kulikuwa kweusi kwa nyuki. Wamening'inia kwenye mzinga, fungu juu ya fungu. Wengine wako kwenye boriti. Wengine wameshuka kitandani, wanatembea juu ya ile kaniki, na chini ya kaniki kile kifua kidogo kinapanda na kushuka.

Chande akarudi nyuma. Mikono yake ikapanda yenyewe, ikakaa kichwani.

Mahimbo akamwona. Safari hii akauliza. "Nini, Chande?"

"Nyuki. Mtoto yumo ndani."

Kijiji kikajaa uwanjani. Huyu anapiga kelele, yule analeta mzigo wa nyasi kavu, wa tatu ameshawasha kienge cha moto. Tuwachome, wanasema. Tuwatie moshi wakimbie. Na paa lenyewe la nyasi. Mwanamvua akatokea na mtungi wa maji. Akaona, mtungi ukamponyoka, ukapasuka miguuni pa mumewe. Akataka kuingia mbio, wanawake wakamshika kiuno.

"Niachieni. Mwanangu anaumwa mle."

"Hajaumwa bado," ikasema sauti nyuma yao. Bibi Somoe, na fimbo yake. Umri ulikuwa umemshika, goti moja halikunjiki tena. "Hao wako safarini, wameshiba, hawana ugomvi na mtu. Mkiwapigia kelele wataupata. Zimeni huo moto."

"Ingia wewe, Bibi," Mahimbo akamwomba. "Wewe wanakujua."

"Goti hili? Nikijikwaa nikamwangukia mtoto, mtasema nini?"

Akageuka. Akamtazama Chande, na ile mikono iliyoko kichwani.

"Pole, Chande."

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Chande, lile la siku zote, la kujibia tu. Akalimeza.

"Bado, Bibi."

Mwanamvua akatoa sauti kama mtu aliyechomwa. Bibi Somoe akangoja. Vuuuuuu, wanasema nyuki. Pu-pu-pu, unasema moyo. Chande akashusha mikono. Akairudia miguu yake. Miguu ilikuwa kwenye matope ya ule mtungi uliopasuka, na maji yalikuwa ya baridi, yanapita katikati ya vidole. Akauweka machoni ule uzi wa asali. Akatoa pumzi. Ikaenda, ikaenda, ikaisha. Ikarudi yenyewe. Akatoa tena. Pu-pu-pu. Akatoa tena. Pu, pu. Pu.

"Pole, Chande."

"Nimeshapoa, Bibi."

Sitawadanganya kwamba hakuogopa. Aliogopa. Lakini hofu ilikuwa imekaa pembeni, na miguu ilikuwa yake. Akaingia.

Akaingia kimyakimya, kwa hatua za mtu aliyebeba asali kichwani kwenye utelezi. Nyuki mmoja akamchoma sikioni. Hakumpiga. Akafika kitandani. Akashika pembe ya kaniki, akaifunua taratibu, nyuki wakateleza nayo kama punje zinavyoteleza kwenye ungo. Tabu akafumbua macho. Nyuki mmoja anatembea shavuni kwake. Tabu akamwona baba yake, akakunja uso, akafungua kinywa apige kelele.

"Pole, Tabu wangu," Chande akasema, chini kabisa. "Pole. Pole."

Mtoto akaitazama ile sauti. Akafunga kinywa. Chande akampitisha mikono chini, akamwinua, akageuka. Yule nyuki wa shavuni akaruka zake. Akatoka. Hakukimbia hata mlangoni, pale ambapo mimi na wewe tungekimbia. Akamfikisha mtoto mikononi kwa mama yake.

Akaanguka chini kwenye matope, akalia.

"Mwacheni," Bibi Somoe akasema. "Sasa ndiyo saa yake ya kulia."

Alipomaliza, Mahimbo akauliza jambo ambalo kila mtu alitaka kuuliza. "Lakini huo mzinga ulifikaje juu ya kitanda?"

Chande akafuta pua. "Niliuficha. Niliogopa wezi."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwanamvua hakucheka. Alikuwa anamgeuza Tabu huku na huku, anatafuta alama, haioni. Kisha akamtazama mumewe, sikio limevimba kama andazi.

"Uliposimama pale unatoa pumzi," akamwambia, "nilitaka kukupiga na kigae."

"Ungenipiga ningeanza upya."

Hapo Mwanamvua akacheka kidogo. Na hakurudi kwao. Jioni jua lilipopoa, Chande akaushusha mzinga pamoja na nyuki wenyewe ndani, akautundika kwenye mkwaju ulipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Kufungua zile kamba ndiyo ilikuwa kazi.

Miaka ikapita. Bibi Somoe akafa, kifo cha mtu mzima, kitandani kwake. Safari hii palikuwa na maiti, na vijana walijua kaburi la nani. Chande akakaa kwenye jamvi, mikono kichwani. Alikuwa amempenda yule bibi.

Mahimbo akaja akamshika bega. "Pole, ndugu yangu."

Watu wote matangani hujibu nimeshapoa. Ndivyo inavyojibiwa. Chande akasema, "Bado."

Mahimbo hakuwahi kusikia jibu hilo. Hakujua aende au afanyeje. Basi akaketi. Akaja mwingine, pole, Chande. Bado. Naye akaketi. Akaja mwingine, naye akaketi. Jamvi likajaa watu waliokaa tu na mwenzao bila haraka, hata nyuzi za ukindu hazikuonekana. Matanga yakaanuliwa. Wakimwuliza njiani, Chande anasema bado, na hakuna aliyemcheka.

Basi siku moja Chande ameketi kwenye kigoda cha Bibi Somoe, anachuja asali. Tabu alikuwa ameshakuwa msichana wa kutumwa. Akapita mbio na kibuyu cha maji, maji yanaruka.

"Pole, mwanangu," Chande akamwambia. "Pole."

Tabu akapunguza mwendo. "Nimeshapoa, baba." Akasimama, akamgeukia. "Na wewe je?"

Chande akautazama uzi wa asali. Akautazama mpaka ukakatika.

"Nimeshapoa," akasema.

Basi, wanangu, mkiambiwa pole msikimbilie jibu. Jisikilizeni kwanza. Kama mmepoa, semeni. Kama bado, semeni bado, toeni pumzi, mkae na mtu. Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe, ila asikimbie nayo.